Ebyebugo

Ebyebugo (umoja: *ekyebugo*) ni majigambo ya kishujaa ya Wanyambo, wenyeji wa wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoa wa Kagera, Tanzania. Katika tungo hizi za fasihi simulizi, mwanamume hujisifu mbele ya watu kwa matendo yake, hasa ya vitani.

Jina

Neno linatokana na kitenzi *okwebuga*, yaani kujigamba. Kiambishi *-e-* hufanya kazi sawa na *-ji-* ya Kiswahili. Tungo za jamii moja na hizi huitwa *ebyevugo* huko Ankole (Uganda) na *ibyivugo* huko Rwanda.

Sifa

Mtambaji husema kwa nafsi ya kwanza, kwa kasi, akishika mkuki au fimbo. Hujiita kwa majina ya sifa, ambayo mengi huanza na *Ru-*, kisha hutaja silaha, mahali pa mapambano na wenzake aliokuwa nao. Mafumbo na chuku ni vya kawaida. Hata hivyo, anayetaja mahali na wenzake huwapa wasikilizaji nafasi ya kumpima, maana baadhi yao huenda walikuwapo.

Ebyebugo hutofautiana na tendi za *enanga* za Wahaya: katika enanga, msanii hupiga ala ya nyuzi na kusimulia habari za shujaa mwingine; katika ekyebugo, msemaji ndiye shujaa.

Historia

Karagwe ilikuwa ufalme chini ya Omukama, na Bweranyange ilikuwa mji wake mkuu. Mwaka 1861 Omukama Rumanyika alimpokea mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke. Wakati wa ufalme, kujigamba mbele ya mtawala kulikuwa pia njia ya kuonyesha utii na utayari wa kupigana.

Siku hizi

Baada ya uhuru wa Tanganyika mamlaka ya watawala wa jadi yalifutwa, na vita vya falme vilikuwa vimekwisha zamani. Ebyebugo havikufa: husikika katika harusi na sherehe nyingine, na mtu anaweza kujigamba kwa mambo yasiyo ya vita. Yunus Rubanza aliviandikia kitabu, *Fasihi Simulizi: Majigambo (Ebyebugo)*, kilichotolewa mwaka 1994.