Shule ya Mkataba na Mwanafunzi Mmoja Mmoja

Tangu mwaka 1991, jimbo la Minnesota nchini Marekani lilipopitisha sheria ya kwanza ya namna yake, ipo aina ya shule isiyoenea katika mafungu mawili tuliyoyazoea Tanzania, yaani shule ya serikali na shule isiyo ya serikali. Shule hiyo huendeshwa kwa kodi ya wananchi, haitozi ada, na waombaji wakizidi nafasi hupigiwa kura. Hata hivyo haiko chini ya ofisi ya elimu ya eneo lake. Bodi yake yenyewe ndiyo inayoajiri walimu, kupanga ratiba na kugawa fedha. Ili kupata uhuru huo, bodi hutia saini hati ya miaka michache, mara nyingi mitano, inayotaja shule itafundisha akina nani, kwa njia gani, na watoto watatakiwa wafikie wapi. Muda ukiisha, mamlaka iliyotoa hati hukaa na kupima. Ahadi zikiwa hazikutimizwa, hati haihuishwi na shule inaweza kufungwa. Ya kwanza kabisa, City Academy ya mjini St. Paul, ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana walioacha masomo. Kwa Kiingereza shule hizi huitwa kwa jina la ile hati. Kwa Kiswahili napendekeza ziitwe shule za mkataba, kwa sababu jina hilo linamwelekeza msomaji mahali hasa ambapo mtoto mmoja mmoja anaweza kupata nafuu. Majina mengine yanayowezekana yanampeleka kwingine.

Tuyapitie hayo mengine. Kulitohoa neno la Kiingereza kunatupa chata, na chata tayari ina kazi yake: ni alama inayopigwa juu ya kitu ili kijulikane ni cha nani. Msomaji atafikiria nembo kwenye sare. Hati idhini ina uzito zaidi, maana ndilo jina la waraka unaoanzisha chuo kikuu. Chuo Kikuu cha Dodoma kilizaliwa kwa hati ya namna hiyo mwaka 2007. Lakini hati idhini hutolewa na mkubwa kwa mdogo, na ikishatolewa watu huisahau kabatini. Haina tarehe ya mwisho, wala haisemi mpewaji anadaiwa nini na kila mtoto aliyeketi mbele yake. Shule huria ingefaa kama uhuru wa bodi ungekuwa ndio kiini, ila masikio yetu yameshalizoea neno huria kwa masomo ya masafa, kama yale ya Chuo Kikuu Huria. Kuna pia jina ambalo watu wa Dodoma wangelifikia upesi kuliko wengine: shule teule. Hospitali ya Mvumi, iliyoanzishwa na Waanglikana, imekuwa hospitali teule ya wilaya, maana yake kanisa linaiendesha na serikali inaitumia kuhudumia umma kwa makubaliano. Kimfumo hakuna kitu nchini kinachofanana zaidi na shule ninayoieleza. Tatizo ni kwamba neno teule, likitajwa kwenye elimu, linaleta picha ya watoto waliochaguliwa kwa alama, nayo sheria inakataza shule hizi kuchagua hivyo. Neno mkataba halina kasoro hizo. Tunao Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1945, na ofisi za umma, zikiwamo wizara zilizohamia Mtumba, zina Mkataba wa Huduma kwa Mteja. Katika mikataba hiyo yote neno lile lile la Kiingereza limekwisha kutafsiriwa mkataba, na wananchi wamelipokea. Mkataba una pande mbili, una masharti, na unavunjika.

Nusu ya pili ya istilahi, ile inayomhusu mwanafunzi, ina mtego mkubwa zaidi. Maandishi kuhusu shule hizi husifu jinsi zinavyomhudumia mwanafunzi kama mtu mwenye mahitaji yake, na mfasiri mwenye haraka ataandika mwanafunzi binafsi. Tanzania, binafsi shuleni ina maana moja tu inayojulikana na kila mzazi: ada. Elimu binafsi itasomeka kuwa ni elimu ya wenye fedha, na hoja nzima itakuwa imepinduka. Kiswahili kina njia yake ya kusema jambo hili, ya kurudia neno: mmoja mmoja. Ujifunzaji wa mmoja mmoja haumtoi mtoto darasani wala haumpi mwalimu wake peke yake. Unataka shule ijue, kwa kila jina lililo kwenye rejista, mtoto huyu anasoma kwa kiwango gani leo, alikuwa wapi mwezi uliopita, na ni nani mwenye wajibu akikwama. Katika shule za mkataba zilizofanya vizuri, kazi hiyo imechukua sura chache zinazojirudia: majaribio mafupi ya mara kwa mara ambayo matokeo yake hubadilisha somo la juma linalofuata, vikundi vidogo vyenye mlezi anayewafuatilia watoto wale wale kwa muda mrefu, saa zaidi za masomo, na wakufunzi wanaokaa na watoto wawili au watatu kwa hisabati. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji shule iwe ya aina fulani ya umiliki.

Hapo ndipo ushahidi unapotuelekeza, na inafaa tuukabili bila kuupamba. Mwaka 2009 kituo cha CREDO cha Chuo Kikuu cha Stanford kililinganisha shule za mkataba na shule za kawaida za umma katika majimbo kadhaa. Katika hisabati, asilimia 17 ya shule za mkataba zilizidi, asilimia 37 zilipitwa, na zilizobaki hazikuonyesha tofauti. Kituo hicho kiliporudia kazi yake mwaka 2023, wastani ulikuwa umegeuka na kuzipendelea, ingawa kwa kiasi kidogo. Mtu anayetaka kuamini kwamba uhuru wa bodi peke yake humfundisha mtoto hana pa kushika katika takwimu za 2009. Jambo lenye uzito zaidi lilifanyika Houston, jimbo la Texas, kuanzia mwaka wa masomo 2010–2011. Mchumi Roland Fryer alizichukua mbinu za shule za mkataba zilizofaulu, zikiwamo saa za ziada, matumizi ya takwimu za maendeleo ya mtoto na ukufunzi wa karibu, akaziingiza katika shule 20 za kawaida za umma zilizokuwa nyuma kuliko nyingine. Alama za hisabati zilipanda waziwazi. Za kusoma zilisogea kidogo mno. Shule zilibaki mali ya umma na watoto walikuwa wale wale wa mtaa. Kilichobadilika ni kile ambacho shule ilijifunga kufanya. Ndiyo sababu nang'ang'ania jina linaloitaja ahadi na kuuacha uhuru pembeni.

Uwanda wa kati wa Tanzania unaihitaji ahadi ya namna hiyo kuliko maeneo mengi. Kondoa na Chemba ni kati ya mahali pachache barani Afrika ambapo makundi manne ya lugha yanakutana ndani ya mwendo wa siku moja: Warangi wanaosema lugha ya Kibantu, Waburunge na Waalagwa wa Kikushi, wafugaji wa Kiniloti, na Wasandawe wenye sauti za vidoko zisizofanana na za jirani yeyote. Ukiteremka kusini unaingia nchi ya Wagogo, kuanzia Bahi hadi Chamwino na Mpwapwa. Watoto wa darasa la kwanza wanaoketi kwenye dawati moja wanaweza kutofautiana kwa jambo la msingi kabisa, yaani kama wanaielewa au hawaielewi lugha ambayo mwalimu anatumia kuwasalimu. Programu ya EQUIP-Tanzania, iliyofadhiliwa na Uingereza na kuufikia mkoa wa Dodoma, iliona hivyo ikaanzisha mafunzo ya utayari ambapo wasaidizi wa kijijini waliwazoeza watoto Kiswahili kwa hadithi na michezo kabla hawajaanza darasa la kwanza. Ukame nao unagawa watoto. Mvua ni ya msimu mmoja. Ikikosa, mifugo inapelekwa mbali na mchungaji mdogo anaondoka nayo. Atakaporudi, darasa limekwisha kwenda mbele na mtaala haumsubiri.

Wala si kweli kwamba wazo la mmoja mmoja ni la kigeni huku. Shule ya wasioona ya Buigiri, kando ya barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam, ilianzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Shule kama hiyo haina njia ya kufundisha kwa wastani. Mtoto asiyeona kabisa anajifunza nukta nundu. Mwenye uoni hafifu, wakiwamo watoto wenye ualbino, anahitaji maandishi makubwa na mwanga uliopangwa. Mwalimu asiyejua ni yupi kati ya hao aliye mbele yake hajafundisha kitu. Programu ya MEMKWA, iliyoanza kwa majaribio mwaka 1999, iliwapokea watoto walioikosa shule, ikawagawa kwa rika, wenye miaka 8 hadi 13 kundi moja na 14 hadi 18 kundi jingine, ikawafupishia mtaala. Kazi hizi ziliongozwa na hali halisi ya mtoto. Zilichokosa ni maandishi yanayoipa jamii haki ya kuuliza mwisho wa muda: mlituahidi nini kuhusu watoto hawa, na wako wapi?

Pingamizi la kwanza ni la hesabu. Kiwango kilichozoeleka kwenye miongozo ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na shule nyingi za msingi zinakipita mbali, hasa tangu michango ya lazima ilipofutwa Januari 2016. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Mkufunzi wa Houston hapatikani kwa fedha hiyo, na anayedai vinginevyo anawadanganya walimu. Lakini sehemu ya kwanza ya kumjua mtoto ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Programu ya Uwezo iliwapima watoto majumbani kwa karatasi yenye herufi, maneno, aya na hadithi, ikaonyesha kwamba wengi wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Karatasi hiyo humalizika kwa dakika chache. Nchini India, shirika la Pratham limetumia upimaji wa namna hiyo kuwapanga watoto kwa kiwango badala ya darasa, kwa saa moja au mbili za siku, huku walimu wakiwa wale wale. Katika darasa la watoto 90, kujua kwamba 30 hawajazijua herufi kunaleta mpango wa kazi ambao haukuwapo jana.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linatoka Afrika. Liberia mwaka 2016 ilizikabidhi shule 93 za umma kwa waendeshaji 8 kwa makubaliano. Baada ya mwaka mmoja, watafiti walikuta watoto wamejifunza zaidi ya wenzao; walikuta pia mwendeshaji aliyewaondoa wanafunzi ili kupunguza ukubwa wa madarasa, na walimu wengi waliohamishiwa kwingine. Uganda ilizilipa shule za sekondari zisizo za serikali kuanzia 2007, na mwaka 2018 ikaamua kuuondoa mpango huo. Nasi tuna kumbukumbu yetu: serikali ilizitaifisha shule za mashirika mwaka 1969 kwa sababu nafasi ya mtoto ilikuwa ikitegemea dini na mahali alipozaliwa. Anayeogopa kurudi huko ana haki. Jibu langu ni kwamba kasoro ya Liberia ilikuwa ya vifungu. Mkataba unaolipa kwa wastani wa alama unamshawishi mwendeshaji amtoe mtoto mzito. Mkataba unaomhesabu kila aliyeandikishwa siku ya kwanza, pamoja na aliyeondoka, unamwondolea faida hiyo. Wala si lazima upande wa pili uwe kampuni au kanisa. Kamati ya shule ya serikali huko Kwa Mtoro, Chemba, inaweza kuwekeana mkataba na halmashauri yake, mthibiti ubora akiwa shahidi, na shule ikabaki ya umma kama ilivyo.

Linabaki pingamizi la lugha. Wapo watakaosema kwamba mwalimu wa mkataba ni yule asiye na ajira ya kudumu, kwa hiyo shule ya mkataba itasikika kama shule ya muda. Mlingano huo naukubali, na naona unaliongezea jina ukweli: kuendelea kwake shule hiyo hakuna uhakika hadi watoto wapimwe. Hata hivyo wingi uandikwe kwa uangalifu. Ni shule za mkataba, si shule za mikataba. Umoja wa neno la pili unaonyesha kwamba kila shule ina hati yake, yenye majina ya vijiji vyake na idadi ya watoto wake, na kwamba hati ya Kongwa haiwezi kunakiliwa ikapelekwa Chemba bila kuandikwa upya.