Nimonia kwa mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia

Mtoto amelazwa ICU kwa malaria kali, mashine inamsaidia kupumua, na siku ya nne daktari anasema sasa ana nimonia. Imetoka wapi, wakati yuko hospitali?

Mara nyingi hupitia njia ileile inayomwokoa. Mgonjwa mwenye mpira kooni hawezi kukohoa vizuri, hivyo mate yenye vijidudu hupenya kando ya mpira hadi kwenye mapafu. Nimonia ikianza baada ya saa 48 tangu mpira uwekwe, madaktari huihusisha na mashine. Mpira wa mkojo na dripu ya mshipa mkubwa nazo hupitisha vijidudu.

Dalili ni homa mpya, makohozi mazito yaliyobadilika rangi, au kuhitaji oksijeni zaidi. Makohozi hupelekwa maabara, kwa kuwa vijidudu vya ICU kama Klebsiella mara nyingi ni sugu kwa dawa za kawaida. Majibu huchukua siku 2 au 3, na tiba haiwezi kusubiri. Kwa hiyo usishtuke dawa ikibadilishwa katikati.

Wewe osha mikono kabla na baada ya kumgusa, hata kama ulivaa glavu. Ukiwa na mafua, mwache ndugu mwingine aingie. Usishushe kichwa cha kitanda. Kwa kawaida huinuliwa nyuzi 30 hadi 45. Usimpe uji wala maji mdomoni, hata kijiko kimoja. Na muulize nesi kila siku: mpira huu bado unahitajika? Huo si usumbufu.