MSIMBO NA MSOMAJI WAKE: HISTORIA YA KUSAKINISHA PROGRAMU KWA MKONO, IONEKANAVYO KUTOKA KASESE NA BWERA

Katika makala haya tunakusudia kusimulia historia ya jambo ambalo sisi walimu wa lugha tumezoea kuwaachia mafundi, nalo ni kusakinisha programu ya kompyuta kutoka katika msimbo wake chanzo, katika mifumo ya aina ya Unix. Huenda msomaji akauliza jambo hili lina uhusiano gani na Kiswahili. Jibu letu ni kwamba msimbo ni maandishi, na kila maandishi yana mwandishi, yana msomaji, na yana lugha. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza kufundishwa Uganda mwaka 2020, Kiswahili kiliwekwa miongoni mwa masomo ya lazima katika vidato viwili vya kwanza. Lakini mwanafunzi wa Kasese akiwasha kompyuta, mara nyingi yeye na mwalimu wake husemeshwa Kiingereza. Ni nani aliyeamua hivyo, na je, uamuzi huo waweza kubadilishwa na mtu akaaye Bwera? Historia tutakayoieleza inajibu swali hilo kwa sehemu kubwa.

Watu wa Kasese hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mwaka 1956 reli ilifika mjini Kasese, na machimbo ya Kilembe yakaanza kutoa shaba. Mawe yalisagwa kulekule bondeni Kilembe, na unga wake wenye madini ukapakiwa katika mabehewa kupelekwa Jinja kuyeyushwa. Hali hiyo iliendelea mpaka uchimbaji uliposimama mwaka 1982. Anayeshika shaba iliyokwisha kuyeyushwa hawezi kuona tena lile jiwe. Programu nayo ina hali mbili kama hizo. Kwanza huandikwa kwa lugha ambayo binadamu aliyejifunza aweza kuisoma, na maandishi hayo ndiyo msimbo chanzo. Kisha programu nyingine, iitwayo kompaila, huuyeyusha msimbo huo kuwa tarakimu za mashine, ambazo binadamu hazisomi isipokuwa kwa taabu kubwa. Mfano wetu una upungufu mmoja, nao tuutaje mapema: jiwe la Kilembe likiondoka limeondoka, bali msimbo ukinakiliwa mara elfu, mwenyewe hakupungukiwa na kitu.

Ama kuhusu neno kusakinisha, twaliona ni teule jema kuliko wengi wanavyodhani. Kusakini ni kukaa mahali, kufanya makao. Programu haitiwi ndani ya kompyuta kama nguo ndani ya sanduku. Hutafutiwa makao, na hapana budi majirani zake wachunguzwe kwanza.

Unix ilizaliwa mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Mwaka 1973 iliandikwa upya kwa lugha ya C, lugha aliyoibuni Ritchie, na kwa sababu hiyo ikaweza kuhamishwa kutoka mashine ya aina moja kwenda ya aina nyingine. Maabara hizo zilikuwa chini ya kampuni ya simu ya AT&T. Kampuni hiyo, kwa mapatano yaliyothibitishwa na mahakama mwaka 1956 (mwaka uleule wa reli yetu), ilikuwa imezuiwa kufanya biashara nje ya mambo ya simu na mawasiliano. Kwa kuwa haikuweza kuiuza Unix kama bidhaa ya kawaida, iliwapa wanavyuo kwa ada ndogo, katika mikanda ya sumaku, pamoja na msimbo wake wote. Aliyeupokea mkanda alilazimika kujiundia mfumo mwenyewe. Ndiyo kusema kwamba kusakinisha kutoka katika msimbo hakukuwa njia ya wachache wenye ukaidi. Ilikuwa ndiyo njia.

Hapa twaomba kusita kidogo, maana kuna kisa kinachotuhusu sisi walimu hasa. Mwalimu John Lions wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, aliwafundisha wanafunzi wake somo la mifumo-endeshi kwa kuusoma msimbo wa Unix toleo la sita, mstari kwa mstari, kama sisi tunavyosoma utenzi darasani. Mwaka 1977 alikamilisha ufafanuzi wake katika vitabu viwili, kimoja msimbo wenyewe, cha pili maelezo. Lakini toleo la saba lilipotoka mwaka 1979, leseni yake ilikataza msimbo kutumiwa katika kufundisha. Kitabu cha darasani kikafukuzwa darasani. Wanafunzi walikirudufu kwa siri, nakala ya nakala, hata herufi zikafifia. Nacho hakikuchapishwa kwa ruhusa mpaka mwaka 1996. Sisi tuliowahi kusomesha riwaya kwa kitabu kimoja na wanafunzi hamsini twaielewa hali hiyo bila kuelezwa.

Baada ya AT&T kuvunjwa mwaka 1984, kizuizi cha biashara kiliondoka, na Unix ikawa bidhaa ya kuuzwa. Msimbo ukafungiwa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Septemba 1983, Richard Stallman alikuwa ametangaza mradi wa GNU, kwa nia ya kuandika upya mfumo mzima ambao kila mtu angeruhusiwa kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Mwaka 1987 alitoa kompaila yake, na mwaka 1989 leseni yenye sharti la ajabu: anayeigawa programu sharti atoe na msimbo wake, kwa uhuru uleule aliopewa yeye. Hatimaye mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, alitoa kiini cha mfumo kiitwacho Linux, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni hiyo. Mambo haya yamesimuliwa mahali pengi, nasi hatutayarefusha.

Linalostahili kuelezwa ni kazi ya mikono. Programu hufika ikiwa imefungwa katika kifurushi kimoja. Mtu hukifungua, na ndani hukuta faili liitwalo README, ambalo jina lake tu lasihi lisomwe. Kisha hutoa amri tatu. Ya kwanza ni ./configure, ambayo huihoji mashine swali baada ya swali: una kompaila? una maktaba fulani? neno hili hulihifadhi kwa tarakimu ngapi? Chombo cha kutungia mahojiano hayo, Autoconf, kilianzishwa na David MacKenzie mwaka 1991, kwa sababu aina za Unix zilikuwa zimekuwa nyingi na kila moja na desturi zake. Amri ya pili ni make, chombo alichokibuni Stuart Feldman huko Bell mwaka 1976. Hiki husoma orodha ya sehemu zinazotegemeana na kuziunda kwa mpangilio, na kilichokwisha kuundwa hakiundwi tena bila sababu. Ya tatu, make install, huipeleka programu kwenye makao yake, kwa desturi katika /usr/local. Mara nyingi shughuli hukwama katika amri ya kwanza. Maktaba fulani haipo. Ukiileta, nayo yadai nyingine. Kwa ajili hiyo wakusanyaji kama Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, wakaanza kuwagawia watu vifurushi vilivyokwisha kuundwa, na leo watu wengi hawajawahi kutoa amri hizo tatu.

Wala tusimdanganye msomaji kwamba msimbo ukiwa wazi basi umesalimika. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aligundua kwamba kuingia katika mashine zake kwa njia ya mbali kumechelewa kwa takriban nusu sekunde. Alipofuatilia alikuta mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya programu ndogo ya kubana faili iitwayo xz. Kilichomstaajabisha kila mjuzi ni mahali ulipofichwa. Sehemu ya hila ilikuwamo katika kifurushi walichopewa watu, ndani ya hatua ileile ya configure, wala haikuwamo katika hifadhi ya msimbo ambayo wote waliitazama. Maandishi yalikuwa wazi, lakini sehemu ile haikuwa na msomaji.

Tugeukie sasa kwetu. Uganda, Chuo Kikuu cha Mashahidi kilichoko Nkozi kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kuhamia programu za msimbo huria, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa sehemu za magharibi kikwazo kilikuwa njia ya kuufikisha msimbo. Mpaka nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009, nchi ilitegemea setilaiti, na kushusha kifurushi kikubwa kulikuwa gharama isiyo ya shule. Diski zilisaidia. Kampuni ya Mark Shuttleworth, iliyotoa mfumo wa Ubuntu kuanzia mwaka 2004, ilizituma bure duniani kote kwa posta hadi mwaka 2011. Jina hilo halimhangaishi Mkonzo, ambaye mtu humwita omundu. Waingereza ndio walioandikiwa kurasa nzima za kulifasiri.

Dar es Salaam ndiko jambo kubwa lilikofanyika. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na washirika kutoka Sweden, kiliunda mradi wa Kilinux, na mwaka 2004 kikatoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi kwa Kiswahili. Mwaka huohuo Microsoft nayo ilitangaza kwamba itatoa Kiswahili katika bidhaa zake. Twalitaja hili pasipo chuki. Kiswahili kilifaidika mara mbili. Hata hivyo tofauti ni kubwa. Upande mmoja kampuni iliamua, nasi tukapokea. Upande wa pili wataalamu waliuchukua msimbo bila kumwomba mtu ruhusa, wakaanza na faharasa ya istilahi, wakatafsiri, kisha wakaunda programu upya.

Je, si ingetosha kupewa orodha ya maneno na kuyatafsiri? Hapo ndipo sarufi inapoingia, nasi tungependa walimu wenzetu wapaangalie kwa makini. Katika programu nyingi za Unix tafsiri hukaa katika faili la aina ya po: sentensi ya Kiingereza juu, ya kwetu chini, na faili lote huyeyushwa kama msimbo wenyewe. Sasa mwandishi wa Kiingereza huandika sentensi moja yenye pengo, na kompyuta hulijaza pengo kwa jina lolote lile. Kitenzi chake hakibadiliki. Kwa Kiswahili pengo hilo ni balaa. Faili limefutwa, picha imefutwa, ujumbe umefutwa, kitabu kimefutwa. Mtafsiri mwenye orodha ya maneno tu hana la kufanya ila kuchagua kiambishi kimoja na kuwakosea wengine wote, au kuzunguka kwa maneno kama "imefanikiwa kufuta". Mwenye msimbo huingia ndani, akaivunja ile sentensi moja kuwa nne, kisha akatoa tena amri ya make. Ngeli hazitatuliwi na kamusi peke yake. Na shida hii si ya Kiswahili tu: Lhukonzo, Luganda na jamaa zao wote watakutana nayo mlangoni.

Tunaifahamu gharama. Kuunda programu kubwa kama ile ya ofisi huchukua saa nyingi kwa mashine dhaifu, na umeme ukikatika kazi hukatika nao, ingawa make ina wema wa kuendelea pale ilipoachia. Shule isiyo na mwalimu wa kompyuta haiwezi kuanzia huko.

Lakini lipo jambo dogo liwezalo kuanziwa. Katika maktaba ya C ya GNU, ambayo mifumo mingi ya Linux huitegemea, kila lugha na nchi yake ina faili lielezalo majina ya siku na miezi, sarafu, na namna ya kuandika tarehe. Tulipoziangalia tuliona sw_KE kwa Kenya na sw_TZ kwa Tanzania. Uganda tuliiona katika lg_UG, yaani Luganda. Kiswahili chenye shilingi ya Uganda hatukukiona humo, ijapokuwa mkusanyo mwingine wa kimataifa, CLDR, unacho, tena unacho na cha Kongo, ambacho mtu wa Bwera hukisikia kila avukapo Mpondwe kwenda Kasindi. Faili hilo ni maandishi matupu. Huandikwa kwa kihariri chochote, kisha huyeyushwa kwa amri ya localedef, na mashine ya zamani kabisa huimaliza kazi hiyo upesi. Sw_TZ yaweza kunakiliwa iwe msingi. Sarafu haina ubishi, wala siku za juma. Ubishi tunaoutazamia ni wa miezi: tuandike Januari na Februari kama vitabu vya kiada, au mwezi wa kwanza na mwezi wa pili, kama wasemavyo watu sokoni Mpondwe?