Mgeni na Chumvi ya Mwenyeji: Burton, Bi. Kane na Wasafiri Wengine Miongoni mwa Wamormoni, 1859–1873

Msomi wa Afrika Mashariki anapolitaja jina la Richard Burton, aghalabu huwa anavifikiria vitabu viwili: The Lake Regions of Central Africa, cha 1860, na Zanzibar, City, Island, and Coast, cha 1872. Tumevitumia vitabu hivi kama hazina ya habari za pwani na bara katikati ya karne ya kumi na tisa, huku tukiyafumbia macho matusi yaliyomo. Udhuru unaotolewa mara nyingi ni kwamba Burton alikuwa mtu wa zama zake. Kwamba Mwingereza wa enzi ya Victoria asingeweza kuiandika jamii ngeni kwa namna nyingine. Makala haya yanaupinga udhuru huo kwa ushahidi wa kalamu ya Burton mwenyewe. Mwaka 1861, kati ya vitabu hivyo viwili, alichapisha The City of the Saints, kinachosimulia safari yake ya kwenda Salt Lake City, makao makuu ya Wamormoni. Humo aliiandika jamii iliyochukiwa na wengi wa wasomaji wake, tena yenye ndoa za mitara, na akaiandika kwa uadilifu ambao wengi hawakuutarajia kutoka kwake. Swali letu ni kwa nini aliweza huko na hakuweza huku.

Historia ya Wamormoni inaweza kuelezwa kwa ufupi. Kanisa lao, ambalo jina lake rasmi ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lilianzishwa na Joseph Smith katika jimbo la New York tarehe 6 Aprili 1830. Wafuasi wake walifukuzwa Missouri, wakajenga mji wao Illinois, na huko Smith akauawa na kundi la watu wenye silaha tarehe 27 Juni 1844. Julai 1847 Brigham Young aliwafikisha waumini wa kwanza katika bonde la Ziwa la Chumvi, jangwani, mahali ambapo walidhani hapana atakayewafuata. Wakafuatwa. Mwaka 1852 walitangaza hadharani fundisho la ndoa za mitara, na tangu hapo hadi lilipositishwa rasmi mwaka 1890, mgeni aliyeingia Utah na daftari mkononi alikuja kutazama jambo hilo kabla ya lolote jingine. Asiye Mmormoni waliyemkaribisha walimwita mtu wa Mataifa, kwa maana ile ile ya Biblia.

Maandishi ya watu hawa wa Mataifa ni utanzu kamili, wenye kaida zake. Mgeni hufika kwa gari la farasi, hushangazwa na unadhifu wa barabara na mifereji ya maji, hukutanishwa na Brigham Young, huhesabu wake, kisha huondoka. Horace Greeley, mhariri wa gazeti la New York Tribune, alifanya hivyo tarehe 13 Julai 1859, na mazungumzo yake na Young, aliyoyachapisha kwa mtindo wa swali na jibu, yanahesabiwa na wanahistoria wa uandishi wa habari kuwa miongoni mwa mahojiano ya kwanza ya aina hiyo magazetini. Young alimwambia kwamba ana wake kumi na watano. Msomaji Mwafrika atasimama zaidi kwenye jibu jingine: alipoulizwa kuhusu utumwa, Young alisema kuwa umewekwa na Mungu, na hautakoma mpaka laana ya Hamu iondolewe. Ni mtindo wa Greeley wa kuuliza na kunyamaza uliotuhifadhia jibu hilo kama lilivyotamkwa. Itikadi iliyojengwa juu ya laana hiyo iliwazuia watu weusi wasipewe ukuhani hadi mwaka 1978, miaka kumi na mitatu kabla ya Kanisa hilo kutambuliwa rasmi nchini Kenya.

Mark Twain alipita mwaka uliofuata safari ya Burton, yaani 1861, akakaa siku mbili hivi, na baada ya miaka kumi akayageuza masimulizi yake kuwa mzaha katika Roughing It. Mzaha wenyewe unachekesha, lakini ni mzaha wa mtu ambaye hajawahi kuishi karibu na nyumba ya uke wenza. Msomaji wa Mombasa au Kisumu hataduwazwa na idadi ya wake. Atataka kujua zamu zinagawanywaje, nani anashika ufunguo wa ghala, na mali itarithiwa vipi. Arthur Conan Doyle naye hakuhitaji hata siku mbili. Sehemu ya pili ya A Study in Scarlet (1887), iliyowajaza Wamormoni ukatili na utekaji wa wasichana, iliandikwa na mtu ambaye hakuwa amekanyaga Utah. Alifika huko mara ya kwanza mwaka 1923, akapokelewa kwa heshima na watu wale wale aliowachora kama majitu.

Turudi kwa Burton. Alikuwa amerejea Unguja kutoka ziwa Tanganyika Machi 1859. Aprili 1860, kabla kitabu chake cha Maziwa hakijatoka, alivuka bahari kwenda Amerika, na tarehe 7 Agosti akapanda gari la abiria mjini St. Joseph, Missouri. Alifika Salt Lake City tarehe 25 Agosti, akakaa zaidi ya wiki tatu. Sababu anayoitoa ni kwamba alitaka kuuongeza mji mpya katika orodha ya miji mitakatifu ya dunia. Mtu huyu alikuwa ameingia Makka mwaka 1853 akijifanya Mwislamu, na miaka miwili hivi baadaye akaingia Harar. Mji mtakatifu kwake ulikuwa kitu cha kukusanywa. Hata hivyo Salt Lake City hakuingia kwa kujibadilisha. Aliingia kwa jina lake, akakutana na Young tarehe 31 Agosti, akasikiliza mahubiri, akanunua vitabu.

Vitabu hivyo ndivyo kiini cha hoja yetu. Burton aliwatendea Wamormoni kama watu wenye maktaba. Anawapa wasomaji orodha ndefu ya maandishi yaliyowatetea na yaliyowashambulia, ananukuu mafundisho yao kutoka katika machapisho yao wenyewe, na anaeleza kwamba katika mji ule kila tukio lina masimulizi matatu: la Wamormoni, la watu wa Mataifa, na la maadui wa Wamormoni, kila moja likiwa na upande wake. Mtafiti wa leo angeuita huo uhakiki wa vyanzo. Kuhusu mitara, anaachana na mshangao wa wenzake na kuuliza maswali ya kiuchumi: katika nchi isiyo na watumishi wa kuajiriwa, kazi za shamba na nyumba zinafanywa na nani? Aliifahamu ndoa ya Kiislamu, na ufahamu huo ulimsaidia. Wapinzani wa Joseph Smith walikuwa wamezoea kumlinganisha na Mtume Muhammad kwa nia ya kumkashifu. Burton aliukubali ulinganisho huo na kuuondolea kashfa, kwa kuwa yeye hakuuona Uislamu kuwa tusi.

Sasa tumtazame Burton huyo huyo akiwa Kazeh, katika eneo la Tabora ya leo, alikopiga kambi mwishoni mwa 1857. Mwenyeji wake alikuwa mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir, mtu mkarimu na mjuzi, na sehemu kubwa ya habari za maziwa na za watu wa bara aliipata kwake. Ukarimu huo tunaushukuru kama wanahistoria. Lakini Snay alikuwa mgeni Unyamwezi kama wafanyabiashara watu wa Mataifa walivyokuwa wageni Utah: alikuja kwa biashara, alikuwa na maslahi yake na magomvi yake na watawala wa mahali. Salt Lake City, Burton hakukubali kumhukumu Mmormoni kwa neno la mfanyabiashara wa Mataifa peke yake. Unyamwezi alikubali jambo la namna hiyo, na mara nyingi Mnyamwezi hapewi nafasi ya kuwa sauti ya pili, seuze ya tatu. Basi Burton hakukosa mbinu ya uadilifu. Alikuwa nayo, alichagua mahali pa kuitumia.

Kigezo cha uchaguzi huo, kwa maoni yetu, kilikuwa uwezo wa mwenyeji wa kujibu. Wamormoni walikuwa na magazeti, wamisionari Uingereza, na maelfu ya waumini waliotoka Liverpool na London; kitabu kibaya kingefika Utah na kujibiwa kwa maandishi. Msomaji anaweza kutupinga kwa kusema kwamba huo ni ubaguzi wa rangi tu, na hatuukani. Lakini ubaguzi peke yake hauelezi kila kitu, maana watu wa pwani yetu walikuwa wakiandika tendi kwa hati za Kiarabu tangu angalau karne ya kumi na nane na bado hawakupewa heshima ya maktaba. Wala hatuna haja ya kutoka nje ya The City of the Saints ili kulithibitisha jambo hili. Kabla ya kufika kwa Wamormoni, Burton anawapa Wadakota sura nzima, na humo anarudi kwenye lugha ya Lake Regions: tabia za kabila, maumbo ya miili, hukumu za jumla. Ni kitabu kimoja na safari moja, lakini jicho limebadilika.

Hata uadilifu aliowapa Wamormoni una kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba masimulizi matatu huweza kufunika jambo badala ya kulifunua. Tarehe 11 Septemba 1857, mahali paitwapo Mountain Meadows, kusini mwa Utah, wanamgambo wa Kimormoni pamoja na baadhi ya Wapaiute waliwaua wahamiaji wapatao 120 waliokuwa njiani kwenda California, wanawake na watoto wakiwemo. Mifupa yao ilizikwa na wanajeshi Mei 1859. Burton alifika mwaka mmoja tu baadaye, na kitabu chake hakilipi tukio hilo uzito linaostahili. Waliouawa hawakuwa na sauti ya nne.

Ya pili ni wanawake. Greeley alikuwa amelalamika waziwazi kwamba hapana Mmormoni aliyewahi kumtajia maoni ya mkewe, wala hakutambulishwa kwa mwanamke yeyote. Burton, pamoja na ujuzi wake wote wa mitara, anatuletea utetezi wa mwanamke kwa kuunakili kutoka barua iliyokwisha kuchapishwa, ile ya Belinda Pratt ya 1854. Ni barua yenye nguvu. Lakini ni hati, na mwenye hati hajaketi mbele yetu.

Mwaka 1872 kitabu cha Burton kuhusu Zanzibar kilitoka, na cha Twain pia. Desemba mwaka huo Elizabeth Kane, mwanamke wa Pennsylvania, aliondoka Salt Lake City pamoja na mumewe, Thomas Kane, na wanawe wawili, katika msafara wa Brigham Young kuelekea St. George, mji wa kusini ambako mumewe alitarajia kupata nafuu ya ugonjwa. Hatutamwita shahidi asiye na upande. Mumewe alikuwa rafiki wa Wamormoni tangu 1846 na alikuwa mpatanishi kati yao na serikali mwaka 1858. Bi. Kane mwenyewe alikuja na chuki ya mitara, na aliondoka nayo. Kilichobadilika ni kitu kingine.

Kila jioni msafara ulilala katika nyumba ya muumini, na kutoka katika nyumba hizo akapata jina la kitabu chake, Twelve Mormon Homes. Anaandika anachokiona mtu aliyeingia mpaka ndani: chakula na aliyekipika, vyumba, watoto, sala, mazungumzo ya wake wenza baada ya wanaume kwenda mikutanoni. Baadhi ya wenyeji wake aliwabadili majina ili wasiaibike, jambo ambalo hatujaliona kwa Burton katika nchi yoyote aliyopita. Wanawake anaowachora wana hoja, na wengine wana huzuni, na yeye hazichanganyi hoja zao na huzuni zao. Mwanzoni aliweka mpaka moyoni mwake: atalala kwao, lakini hatakula chumvi yao. Kwetu aliyekula chumvi nyingi ni mtu aliyeishi miaka mingi. Katika lugha ya Bi. Kane, kuila chumvi ya mtu ni kukubali kufungwa na heshima yake. Mwanzoni mwa 1873, akirudi kutoka kusini, alikubali kukaa katika nyumba ya Young mwenyewe, Lion House, na akaeleza kwamba amefanya hivyo makusudi, ili wote wanaomjua wafahamu kuwa sasa yuko tayari kula chumvi na wanawake wale.

Kitabu kilichapishwa Philadelphia mwaka 1874, mwaka ule ule Kongresi ya Marekani ilipopitisha sheria ya kuzinyang'anya mahakama za wenyeji wa Utah sehemu kubwa ya mamlaka yake. Hakikuizuia. Kilichapishwa na baba yake kwa ajili ya wasomaji wachache, hakikupata wanunuzi wa Twain wala umaarufu wa Burton, na shajara aliyoiandika St. George majira yale ya baridi ilibakia katika karatasi za familia mpaka ilipotolewa kitabu mwaka 1995.