Kikingio, Wala Si Mtego

Katika orodha ya istilahi za ufundi bomba inayopita mikononi mwa walimu wa ufundi hapa Moshi, nimekuta kile kipande kilichopinda chini ya sinki, ambacho mafundi wetu wote hukiita trapu, kimepewa jina la "mtego wa maji". Kurasa chache mbele, kifaa hichohicho kimeandikwa "mtego wa harufu". Kifaa kimoja, mitego miwili, na hakuna hata mmoja kati yake unaotega chochote.

Mtego, popote Kiswahili kinaposemwa, ni kitu kinachosubiri kiumbe kije, kiingie, kisitoke. Fuko anayekula mizizi ya migomba hutegwa. Panya wa darini hutegwa. Harufu ya shimo la maji taka haiingii kwenye trapu ikanasa humo. Inapanda na bomba, inayakuta maji yaliyotulia kwenye kona, inarudi ilikotoka. Wala maji yenyewe hayakunaswa, kwa sababu kila unapofungua koki ya juu yale ya zamani huondoka na mapya hushika nafasi. Mtetezi mmoja wa "mtego", mtu ninayemheshimu kwa mengine, alinijibu mbele za watu kwamba hata pete ikidondoka sinki huokotwa mle. Huokotwa, ndiyo. Lakini hakuna aliyewahi kufunga trapu ili anase pete, na jina la kifaa hutoka kwenye kazi yake, halitoki kwenye ajali zake.

Kosa limeanzia kwenye kamusi ya Kiingereza iliyofunuliwa haraka. Waingereza wanaona mtego, na hiyo ni haki yao. Wajerumani, waliokuwa watawala wa Moshi hadi mwaka 1916, hukiita kifaa hicho kwa neno lenye maana ya kifungio cha harufu. Wafaransa wanasema sifoni, neno la Kigiriki la mrija. Bomba ni lilelile lililopindwa mfano wa herufi S, ambalo Alexander Cumming, fundi saa Mskoti aliyefanya kazi London, alilipatia hataza pamoja na choo chake mwaka 1775. Kila taifa lilitazama bomba likataja lilichokiona. Wanakamati wetu walioandaa orodha ile hawakutazama bomba. Walitazama neno la wenzao.

Kambi nyingine inapendekeza "kizibo cha harufu". Hawa angalau wamefikiri, lakini wamefikiri nusu. Kizibo ni kile kipira unachobana kwenye tundu la sinki ili maji yasishuke kabisa. Kifaa tunachokizungumzia lazima kiruhusu maji kushuka huku kikizuia hewa kupanda, na hiyo ndiyo akili yake yote. Isitoshe, trapu ikijaa mafuta na makombo ya wali, tunamwita fundi aje kuizibua. Mwanafunzi atakayeambiwa azibue kizibo nani atamlaumu akikivuta na kukitupa?

Neno linalofaa ni kikingio. Nimelitetea kwa maandishi mbele ya kamati, nikajibiwa kwa mstari mmoja kwamba "halina mashiko". Nitaeleza hapa mashiko yake, kwa kuwa kule sikupewa nafasi.

Kitenzi kinga kina sura mbili ambazo kila mwenye Kiswahili anazitumia bila kuhisi kwamba amevuka kutoka moja kwenda nyingine. Sura ya kwanza ni kupokea kimiminika kisimwagike: mvua ikianza tunakinga maji ya paa kwa ndoo na mapipa. Ya pili ni kuzuia kitu kibaya kisifike: tunajikinga mvua, tunajikinga na malaria. Kifaa cha chini ya sinki hufanya yote mawili kwa tendo moja. Hukinga maji, na kwa maji hayo hukinga uvundo. Nimezunguka sana kutafuta lugha yenye kitenzi kimoja kinachobeba kazi zote mbili za kifaa hiki, na lugha hiyo ninayo mdomoni tangu utotoni.

Tena kuna kingama, kukaa kwa kukatiza njia, kwa kiambishi kilekile kilicho katika inama na simama. Watu wa mlimani hawahitaji mchoro wa jambo hili. Mifongo, ile mifereji ya Wachaga inayoshusha maji ya Kilimanjaro kutoka kwenye mito ya juu hadi vihambani, bado inapita Marangu, Kibosho na Machame, ingawa mingi imekauka. Zamu yako ikifika unalaza gogo la mgomba katikati ya mfongo, unabana pembeni kwa udongo na majani, nayo maji yanageuka kuingia shambani mwako. Gogo limekingama. Chini ya sinki, maji ndiyo yaliyokingama, na kinachogeuzwa ni hewa.

Kuhusu umbo, kikingio kimefuata njia ya kipimio na kichujio: kitenzi cha kutendea, ki- mbele, -o nyuma. Hakuna kilichobuniwa hapo zaidi ya kutii sarufi. Wanaosema kinga imekwisha chukuliwa na matabibu wanasahau kwamba mzizi mmoja umetupa ukingo wa mto na mtu mkingamo, na hakuna aliyewahi kuchanganyikiwa.

Ushahidi ninaouthamini kuliko wote nimeupata jikoni kwangu. Fundi alipiga magoti chini ya sinki, mkono mmoja ukishika kichupa cha plastiki, mwingine ukilegeza nati yake. Alikuwa amesema trapu asubuhi nzima: boto trapu hii, trapu ya sakafuni ile. Maji meusi yalipoanza kuchuruzika alisema bila kugeuka, "Mwalimu, hebu kinga ndoo hapo." Kitenzi kilikuwa mdomoni mwake tayari, na mtu huyo hakuketi kwenye kamati yoyote.

Kwa matumizi: kikingio cha chupa ni cha chini ya beseni la kunawia, kikingio cha kona ni cha sinki la jikoni, kikingio cha sakafu ni cha bafuni, na kikingio cha nje ni kile kinachofuatiwa na chemba. Maji yanayokaa humo yawe na kina cha milimita 50 hivi. Wenye nyumba za migombani wanaofunga milango Januari na kurudi Desemba kula Krismasi, mimineni maji katika kila kikingio kabla ya kuondoka, na juu yake vijiko viwili vya mafuta ya kupikia ili yasikauke upesi. Yakikauka, uvundo unaowapokea sebuleni hautokani na panya aliyekufa.

Nasikia orodha ile inaandaliwa ichapwe upya. Maandishi yangu wanayo. Naomba safari hii yasomwe hadi mwisho, na mwenye hoja dhidi ya kikingio aiandike kwa jina lake.