Upande Mmoja Ukizima

Hitilafu nazo zina tarehe ya kuzaliwa. Mtu wa Nyanza Kusini aliyesikiliza redio kwa iafoni katika miaka ya 1960 hangeweza kulalamika kwamba upande mmoja umezima, kwa kuwa upande ulikuwa mmoja tu. Redio ndogo za transista zilizoenea Afrika Mashariki wakati huo zilikuja na iafoni ya sikio moja, na matangazo ya Sauti ya Kenya kwenye masafa ya kati hayakugawanywa kushoto na kulia. Hedifoni za stirio zilikuwa zikiuzwa Marekani tangu 1958, lakini ni Walkman ya Sony, iliyotoka Japani Julai 1979, iliyozitoa sebuleni na kuzitia barabarani. Ndipo malalamiko haya mapya yalipopata njia ya kufika vibandani Migori, Rongo, Oyugis na Homa Bay. Fundi aliyeyapokea, hata hivyo, hakuletwa na hedifoni. Alikuwepo tayari, na kilichomtengeneza ni kukosekana kwa umeme. Hiyo ndiyo hoja yangu, na ninaisisitiza kwa sababu kazi yake imezoeleka kuelezwa kwa neno moja, umaskini, na neno hilo halitoshi.

Ichukue Wilaya ya zamani ya Nyanza Kusini (South Nyanza), iliyotawaliwa kutoka Homa Bay kabla Migori haijawa wilaya yenyewe. Nguzo za umeme zilifuata miji na viwanda. Kiwanda cha sukari cha Awendo kilianza kusaga miwa 1979, na bado maboma mengi kuanzia Nyatike hadi Mbita yaliendelea kuwasha koroboi. Mradi wa serikali wa kuwafikishia umeme wanavijiji walio karibu na transfoma ulianza 2015 tu. Kwa zaidi ya nusu karne, basi, redio ya kijijini ilikula betri kavu, na betri ilinunuliwa kwa fedha zilezile za chumvi na mafuta ya taa. Kiwanda cha Eveready, kilichoanzishwa Nakuru 1967 na kufungwa 2014, kilistawi kwa mahitaji hayo. Betri zilizochoka zilianikwa juani zirudishe nguvu kidogo, zitoshe angalau kusikia matangazo ya vifo, ambayo kwa familia iliyotawanyika kati ya Nairobi, Kisumu na mashamba ya chai ya Kericho hayakuwa burudani. Anayekosa tangazo hukosa mazishi. Iafoni nayo hutumia sehemu ndogo sana ya nguvu inayoliwa na spika, kwa hiyo aliyesikiliza kwa sikio moja usiku alikuwa akirefusha maisha ya betri. Redio yenye kasoro ilikuwa hasara mara mbili: haisemi vizuri, na inamaliza betri. Mahali penye uchumi wa namna hiyo fundi ni lazima awepo, kama anavyohitajika wa kutengeneza nyavu penye ziwa.

Simu za mkononi zilipofika vijijini baada ya mwaka 2000, uhusiano huu wa iafoni na redio ulikazwa kwa namna ambayo wengi hawakuitambua. Simu nyingi za bei nafuu zilizokuwa na redio ya FM hazikuwa na antena ya redio ndani yake. Waya wa iafoni ndio uliokuwa antena. Ukiuchomoa, simu inakataa kufungua redio au inakoroma tu. Iafoni ikawa kiungo cha redio yenyewe, na mwenye kuitengeneza alikuwa akiitengeneza redio, sawasawa na aliyemtangulia aliyefungua kisanduku cha transista kwa bisibisi.

Kazi yenyewe inataka akili kuliko nguvu. Mara nyingi spika ndogo ya upande uliozima haijafa. Waya umekatika ndani ya mpira, karibu na plagi au pale unapoingia kwenye kikombe cha sikio, mahali panapokunjwa kila siku. Fundi huukunja polepole sentimita kwa sentimita muziki ukiwa unacheza, na pale sauti inaporuka ndipo penye jeraha. Zikizima pande zote mbili kwa namna ya ajabu, yaani gitaa likisikika kwa mbali huku mwimbaji ametoweka, kilichokatika ni waya wa pamoja: kila upande sasa unapokea tofauti tu ya sauti za kushoto na kulia, na mwimbaji, ambaye huwekwa sawa katika pande zote, anajifuta. Kwa mpenzi wa muziki wa benga ni balaa, lakini kwa fundi ni jibu tayari. Baada ya kukata, nyuzi za shaba hazishiki risasi mpaka rangi inayozitenganisha ichomwe kwa moto mdogo au ikwanguliwe. Nyekundu kwa kawaida ni kulia, kijani au buluu ni kushoto, na isiyo na rangi ni ya pamoja.

Atasema mtu kwamba haya yote ni ustadi wa wasio na uwezo wa kununua kipya. Lakini umaskini uko mahali pengi duniani ambapo hakuna fundi. Umaskini huleta haja, haumfundishi mtu kusoma hitilafu. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya 1972 kuhusu ajira nchini Kenya iliwaambia watunga sera kwamba kazi hizi ndogo zisizosajiliwa zilikuwa na tija na zilistahili kusaidiwa, badala ya kufukuzwa mitaani. Kenneth King, katika kitabu chake cha 1977 kuhusu mafundi wa Kenya, alionyesha jinsi ujuzi ulivyopita kutoka mkono hadi mkono nje ya shule. Na katika nchi ya Wajaluo wazo la kurudisha kilichokatika lina mizizi ya zamani kuliko redio: ala ya nyatiti ina nyuzi nane, na mpigaji aliyekatikiwa na mmoja hutia mwingine. Zamani ulikuwa wa mishipa ya ng'ombe, siku hizi ni nailoni.

Pingamizi la bei ni zito zaidi, na silikatai. Iafoni za bei ya chini kabisa zina waya mwembamba uliochanganywa na nyuzi za plastiki. Kuulehemu ni taabu, na muda wa fundi unaweza kuzidi thamani ya kitu chenyewe. Kwa hizo, kununua nyingine ni hesabu sahihi. Ila hesabu hiyo hupima iafoni peke yake. Kazi ndogo isiyo na hasara kubwa ndiyo mwanagenzi anayoweza kuachiwa aharibu na kurudia, kabla hajakabidhiwa simu ya mtu au kidhibiti cha sola. Ikiondoka, anayeanza ataanzia wapi?

Tishio jipya ni hedifoni zisizo na waya. Apple iliondoa tundu la iafoni kwenye iPhone 7 mwaka 2016, na wachambuzi wa iFixit wakazipa AirPods zake za kwanza, zisizo na waya, sifuri kati ya kumi kwa urahisi wa kutengenezwa, kwa kuwa zimefungwa kwa gundi. Hapo hakuna waya wa kukunja wala plagi ya kukata. Lakini kila upande una betri yake ndogo, nayo huchoka. Mteja wa Migori mwenye kifaa hicho atakuja na malalamiko yaleyale, upande mmoja umezima, na safari hii ugonjwa ni ule ulioleta fundi tangu mwanzo: betri imeisha nguvu, na hii haianikwi juani.