Mchakamchaka wa Bujumbura, tangu vita hadi marufuku

Anayeishi Kinanira hahitaji jogoo siku ya Jumamosi. Jua likiwa bado nyuma ya milima ya mashariki, firimbi inalia barabarani na kundi la watu linapita likiimba, jezi za rangi moja, wanawake kwa wanaume, mzee mwenye kitambi bega kwa bega na kijana wa chuo kikuu. Kiongozi anatoa ubeti, wengine wanaitikia, na nyayo zao ndizo ngoma. Wanaimba Kirundi, wanachanganya Kiswahili, na Kifaransa kikihitajika nacho kinaingia. Mgeni huduwaa, kisha hucheka, na akikaa mjini wiki chache huanza kutafuta raba zake.

Kinanira iko kusini mwa mto Muha, jirani na Musaga na Kinindo, katika jiji lililojengwa kwenye mteremko unaotoka milimani hadi Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo hakuna njia ya tambarare ya kudanganyana. Ukishuka ziwani utapanda kurudi, na hapo kwenye mwinuko ndipo wimbo unapofanya kazi yake, maana mtu aliyeachwa peke yake angesimama akashika kiuno.

Mtanzania akiwaona atasema huu ni mchakamchaka, na hatakosea. Anaujua tangu shule ya msingi, na kama alipitia Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, anaujua hadi kwenye mifupa. Tofauti ni kwamba huko mwalimu au afande ndiye aliyemtoa kitandani. Bujumbura watu hujitoa wenyewe, hununua jezi kwa fedha zao, na hufanya siporo, yaani mazoezi, mapema ili wawahi kazi za pamoja ambazo serikali imezipangia asubuhi hiyohiyo ya Jumamosi.

Desturi hii ilishamiri katika miaka mibaya. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye, wa kwanza kuchaguliwa kidemokrasia nchini Burundi, aliuawa na wanajeshi, miezi michache tu baada ya kuapishwa. Vita vilivyofuata viliukata mji vipandevipande. Kamenge na Kinama zilikuwa za Wahutu, Musaga, Nyakabiga na Ngagara zikabaki za Watutsi, na kuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine kuliweza kumgharimu mtu maisha. Kulikuwa na siku za “mji mfu”, vijana wenye silaha walipofunga barabara na kuusimamisha mji mzima. Usiku kulikuwa na amri ya kutotoka nje, na haikuondolewa hadi mwaka 2006.

Katika mji kama huo, kukimbia peke yako alfajiri kulikuwa hatari. Kukimbia katika kundi kulikuwa kinga, na wimbo uliwatangulia wakimbiaji kuwajulisha wenye bunduki kwamba wanaokuja ni wanamichezo. Tena wimbo ulitoa kilichokaa kifuani. Naamini ndiyo sababu desturi hii haikufa vita vilipokwisha. Watu waliozoea kupumua pamoja hawakuwa tayari kurudi kupumua kila mtu nyumbani kwake.

Katikati ya miaka hiyo ndipo Burundi ilipompata mkimbiaji wake mkubwa kuliko wote. Tarehe 25 Julai 1996 Pierre Buyoya alitwaa madaraka kwa mapinduzi. Siku sita baadaye viongozi wa nchi jirani wakakutana Arusha na kuiwekea Burundi vikwazo. Na tarehe 3 Agosti, huko Atlanta, Vénuste Niyongabo akashinda dhahabu ya mita 5,000 katika Michezo ya Olimpiki ya kwanza ambayo Burundi iliwahi kushiriki.

Kilicho kizuri zaidi ni namna alivyofika kwenye mbio hizo. Niyongabo alikuwa bingwa wa mita 1,500, na huko ndiko alikotarajiwa kupata medali. Lakini Mrundi mwenzake Dieudonné Kwizera alikuwa ameikosa Michezo ya 1988 na ya 1992 kwa sababu nchi haikuwa na kamati ya Olimpiki inayotambuliwa, na Atlanta alikuwa amekwenda kama kocha. Niyongabo akamwachia nafasi yake ya mita 1,500 ili na yeye akimbie. Mwenyewe akaingia mita 5,000, umbali aliokuwa ameushindania mara mbili tu maishani, akawapita Wakenya na Wamoroko. Kwangu mimi hakuna hotuba ya upatanisho iliyotolewa mwaka ule iliyofikia kitendo hicho.

Amani ilikuja polepole. Mkataba wa Arusha ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, na mwaka 2005 Pierre Nkurunziza, aliyesomea elimu ya michezo na aliyekuwa na timu yake ya soka, Haleluya FC, akawa rais. Wakimbiaji wa Bujumbura walikuwa na haki ya kudhani kwamba wamepata mwenzao Ikulu.

Lakini tarehe 8 Machi 2014 wafuasi wa chama cha upinzani cha MSD, kilichokuwa kikiongozwa na mwandishi wa habari wa zamani Alexis Sinduhije, walitoka wakikimbia kuelekea katikati ya jiji. Polisi waliwazuia, mapambano yakazuka, na baadhi ya polisi wakashikiliwa ndani ya makao ya chama. Katika mwezi huohuo mahakama iliwahukumu watu 21 kifungo cha maisha. Baada ya ghasia hizo mbio za makundi zikapigwa marufuku mitaani. Aliyetaka kukimbia na wenzake wakati huo aliambiwa aende kwenye viwanja vilivyotajwa, na kwa kibali.

Muuguzi, mwalimu na fundi cherehani walilipia ugomvi wa vyama. Serikali yoyote ina wajibu wa kuzuia fujo, lakini sheria inayomtilia shaka mtu kwa sababu ana jezi na wenzake inawaadhibu wasio na kosa. Wala haikuleta utulivu. Mwaka uliofuata, muhula wa tatu wa rais ulipotangazwa, Musaga na mitaa mingine ilijaa waandamanaji bila kuhitaji klabu ya mbio.

Sidai kwamba kila wimbo wa kundi ni mwema. Mwaka 2017 ilisambaa video ya vijana wa Imbonerakure, wa chama tawala, wakiimba kwa pamoja kuwatishia ubakaji wanawake wa upinzani. Umoja wa Mataifa ulilaani, na chama chenyewe kikaukana wimbo ule. Kosa hapo lilikuwa katika maneno na katika walioyatunga. Sauti nyingi zikiungana zinaweza kutisha, na Bujumbura inalijua hilo. Lakini inajua pia zinavyoweza kumfikisha mtu aliyechoka juu ya mlima.

Nyimbo za klabu hizi ni kumbukumbu ya jiji, na nyingi zinaishi vichwani mwa watu tu. Nawaomba viongozi wa klabu za Kinanira, Musaga na kwingineko waziandike, pamoja na mwaka klabu ilipoanzishwa na majina ya walioianzisha, wakati waanzilishi bado wapo wa kuulizwa.